Kimya cha Bwana Maombi: kosa la kaseti lililomrudisha baba yangu

Wakuu, salamu kutoka Uvira. Haya niliyaona kwa macho yangu. Mwenye kubisha aje mtaani kwetu Mulongwe, nitampa kiti amuulize mama.

Naona mnabishana humu nani mkubwa kati ya wapiga saksofoni wa jazz. Minye siingii. Nimekua nao nyumbani bila kujua majina yao.

Baba alikuwa mpiga saksofoni wa fanfari, ile bendi ya matarumbeta ya kanisa. Jazz aliijulia kwenye kaseti moja isiyo na maandishi, ilitoka Bujumbura. Mle ndani kulikuwa na wanaume watatu, tukawabatiza wenyewe.

Bwana Moshi alipuliza pole pole, nusu usingizini. Bwana Mbio, noti zilimwagika tu. Na Bwana Maombi, huyo akianza, mama alikuwa anaacha kuchambua maharage.

Katikati ya wimbo wa Bwana Maombi kulikuwa na kimya. Kirefu. Kisha anarudi taratibu.

Baba alikuwa anatuambia, "Sikieni, anangoja Mungu ajibu."

Akaufundisha fanfari nzima hivyo hivyo. Pale penye kimya kanisa lote lilikuwa linanyamaza, hata watoto. Na minye nikajifunza saksofoni kwake.

Mwaka jana baba akapigwa kiharusi. Sauti ikaenda. Akitutazama, macho yanatupita.

Mama alitaka kitu kimoja tu, kujua kama mume wake bado iko mule ndani. Na minye nilikitaka hicho hicho.

Nikaona nimpigie ule wimbo, lakini safi, wenyewe wa asili. Nikaisikilizisha simu ile kaseti, ikautambua wimbo, nikaupata.

Wakuu, kimya hakimo. Bwana Maombi anapitiliza moja kwa moja. Kumbe kuna mtu alibonyeza rekodi bila kujua, akafuta kipande, na sisi Mulongwe tukakiheshimu miaka yote hiyo. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Nikafanya mazoezi ya ule sahihi. Asubuhi moja tukamtoa baba uani. Ziwa limetulia, milima ya Burundi iko mbali ndani ya ukungu, jirani ameanika ndagala, dagaa wa ziwani. Nikapiga vizuri kabisa, bila kosa.

Baba alitazama ukuta.

Mama akasema, "Weye, huo ni wimbo wa nani? Piga wa baba yako."

Nikaanza upya. Nikafika pale, nikanyamaza. Sijui tulikaa vile muda gani. Nilisikia maji, na pikipiki moja huko barabarani. Niliogopa, niseme ukweli.

Vidole vya baba vikasogea juu ya blanketi. Vikabonyeza noti inayofuata, kabla yangu.

Mama akaweka chini ungo wake wa maharage. "Iko," akasema. "Iko hapa."

Nilichojifunza: wakubwa wa jazz nawaheshimu, lakini kabla ya kunyoosha kosa la nyumbani, angalia kwanza nani anaishi humo. Minye kile kimya sikitoi tena.

Na kwenu, ni wimbo gani mlioukosea mkaupenda hivyo hivyo? Andikeni hapa chini, nitamsomea baba.