Mpinga Kristo Aliyeleta Maziwa

Mhubiri alikuja Garsen na spika nne na jenereta moja, na kwa siku tatu mji mzima, anayetaka na asiyetaka, tulifundishwa habari za mpinga Kristo. Alituambia ni mnyama mwenye pembe, atatugonga namba kwenye paji la uso, na asiye na namba hatanunua hata kiberiti. Akaongeza kwamba namba yenyewe imeshaanza kuingizwa kwenye vitambulisho. Mimi bado sina kitambulisho, kwa hivyo nilisikiliza kama mtu anayetazama mechi ya timu za nchi nyingine. Nilichopenda ni sauti yake. Alikuwa akianza chini kama mwenye mafua, kisha anapanda, anapanda, mpaka unaihurumia jenereta. Jumatatu yake nilikuwa nimeshaikamata, na darasa zima la kidato cha tatu lilikuwa hoi kwa kicheko.

Mwenzangu wa dawati ni Muorma, wa jamii ya wafugaji, na Mwislamu. Aliniambia wao pia wanaye, wanamwita Dajali. Jicho lake moja ni bovu, atadanganya watu wengi, mpaka Nabii Isa ashuke amuue.

"Isa huyu wetu?" nikamuuliza.

"Huyu wetu," akasema.

Tukacheka hadi mwalimu akatutoa nje. Huko nje nilifikiri kidogo, jambo ambalo si kawaida yangu. Kumbe sisi na wao tunamwogopa adui mmoja na tunamngoja mtu yule yule, na bado kila kiangazi tunatazamana vibaya ng'ombe wao wakishuka mtoni kupitia mashamba yetu. Ningeishia hapo kwenye kufikiri, nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilichobeba kwenda nacho nyumbani ni lile jicho moja tu.

Kwa nyanya yangu, ambaye ndiye aliyenilea, palikuwa na mama wa Kiorma aliyekuja kila asubuhi na kibuyu cha maziwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe. Lilichomwa na mwiba alipokuwa msichana mdogo akifuata ndama. Alimimina maziwa, nyanya akampa mahindi au ndizi au mchele, kulingana na kilichopo shambani, na hakuna aliyepima. Halafu walikaa. Kiswahili cha mmoja kilikuwa kibovu na cha mwenzake kibovu zaidi, lakini walicheka kuliko sisi tunaopata alama nzuri za insha. Waliitana dada.

Nilipokuwa mdogo sana, watu wetu na watu wao walichomeana nyumba. Mambo yalipotulia hakuna aliyevuka kwenda upande wa mwenzake kwa miezi. Aliyevuka wa kwanza ni yule mama, peke yake, mchana kweupe, na kibuyu chake. Majirani wakasema maziwa yale yana sumu. Nyanya akayanywa pale pale uani, mabichi, mbele ya wote, akajipangusa mdomo na ncha ya leso. Hadithi hii nimeisikia mara nyingi mno. Niliijua vizuri kabisa siku ile niliyosimama mferejini.

Ilikuwa likizo. Watoto wadogo walikuwa wamepanga mitungi, maji ya bomba yanatoka kwa kudondoka, kila mtu amechoka. Nikamwona yule mama anakuja njiani. Nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikachukua ile sauti ya mhubiri, chini kabisa, nikasema:

"Ndugu zangu, mpinga Kristo amefika. Na leo ameleta maziwa."

Watoto walianguka chini kwa kucheka. Mmoja alijikojolea, nakumbuka, na mimi nikaona hiyo ni tuzo. Mama akapita, akatusalimu, tukaitikia kwa adabu zote. Kesho yake watoto walimfuata wakiwa wameziba macho. Kesho kutwa pia. Siku ya nne akasimama, akamuuliza mmoja wao mnasema nini. Watoto hawajui kuficha. Akaambiwa.

Hakuja tena.

Nyanya alikunywa chai ya rangi wiki nzima, akisema dada yake atakuwa mgonjwa, au ng'ombe wamehamishwa. Aliweka mahindi tayari kila asubuhi na kuyarudisha jioni. Mimi nilifagia ua bila kutumwa. Bidii yangu ingemshtua mtu yeyote, lakini nyanya alikuwa anatazama njia. Mwishowe kijukuu cha jirani kilipita mbele yake kimeziba jicho, kikisema yale maneno. Akakiuliza nani amekufundisha. Kikaninyooshea kidole.

Hakunipiga, ningeshukuru angenipiga. Alikaa kwenye kigoda chake akasema, "Hebu nifanyie mimi. Vile vile ulivyofanya."

Nikamwambia ilikuwa mzaha tu.

"Nami nataka kucheka. Fanya."

Nikaziba jicho. Nikasema yale maneno, na ile sauti ikakataa kupanda. Nyanya alinitazama mpaka mkono wangu ukachoka. Kisha akanituma nikalete Biblia, kwa sababu yeye macho yake hayasomi tena, nimtafutie palipoandikwa jina hilo la mpinga Kristo.

Nikaenda moja kwa moja Ufunuo. Nikamsomea mnyama, pembe, namba. Akasema hajaniuliza mnyama, ameniuliza jina. Nikapekua. Jina halimo. Kitabu chote kile cha kutisha, na mpinga Kristo hajatajwa hata mara moja. Mhubiri na jenereta yake hawakutuambia hilo. Nililipata nyuma kidogo, kwenye barua za Yohana, zile fupi ambazo mtu huzipita bila kuziona. Hakuna pembe. Anawaambia watu wake kwamba wapinga Kristo wengi wameshafika, na kwamba walitoka humo humo miongoni mwao.

"Walitoka wapi?" nyanya akauliza.

"Kwao, nyanya. Kwa hao hao waumini."

Nikatafuta mlango wa kutokea. Nikamwambia mbele kidogo pamesema ni yule anayemkana Mwana, na Waorma hawasemi kwamba Isa ni Mwana wa Mungu.

"Yeye alitoka kwetu?"

"Hapana."

"Basi barua hiyo hakuandikiwa yeye. Nisomee hapo juu yake."

Hapo juu pameandikwa kwamba anayemchukia ndugu yake anatembea gizani, hajui aendako, kwa kuwa giza limempofusha macho. Nilisoma hadi kwenye macho, nikaifunga Biblia. Nyanya akasema inatosha, kesho niende nikaombe msamaha.

Mwenzangu wa dawati alinipeleka hadi kwao, kwa sababu wanaishi boma moja na yule mama. Njia nzima alitembea hatua kumi mbele yangu. Mimi na yeye tumezoea kutembea bega kwa bega, kwa kelele.

Mama alikuwa anafukiza kibuyu kwa moshi. Aliniletea maziwa kabla sijafungua mdomo, maana mgeni hakai mikono mitupu kwao, na ilibidi niyanywe nikiwa na maneno yangu tumboni. Nilipomaliza nikayasema yote. Alisikiliza akiwa ameelekeza kwangu lile jicho zima.

"Wewe mimi nimesamehe zamani," akasema. "Lakini mimi huko haiji. Wale watoto wadogo haina makosa, inacheza tu. Mimi nikienda, itacheza tena. Ikishakuwa wakubwa, itasahau ilikuwa mzaha. Itakumbuka adui ni mimi."

Akanipa salamu za kumpelekea dada yake, akarudi kwenye kibuyu.

Salamu nilizifikisha neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Nyanya akasema dada yake amesema kweli, akaingia ndani.

Nikaenda mferejini. Watoto walikuwepo, mitungi imepangwa. Nikawaambia wanyamaze, nikawaambia yule mama si mpinga Kristo, nilidanganya, ni mtu mwema, ndiye aliyevuka kwanza wakati hakuna aliyethubutu. Nilisema polepole, kwa sauti yangu mwenyewe, na nadhani nilikuwa nalia. Wakanitazama wakisubiri. Kisha mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, na wote wakaangua kicheko, wakisema kaka leo umeiga nani, fanya tena.