Nyumba ya Kasulo Isiyokuwa na Shimo

Siku hakimu alipokuja kuangalia nyumba yetu ya mtaa wa Kasulo, nilifagia lupango, uwanja wote, tangu jua halijatoka. Mi na baba ya mutoto wangu tulikuwa tumeachana, na kila mmoja aliomba tribinali vitu vilevile: nyumba, na binti yetu alale kwake. Sina hakika nitaandika haya sawasawa, nilisoma kidogo tu. Lakini sitaki kumwonea mutu.

Alikuwa baba mzuri, lazima niseme. Nikiwa soko, yeye ndiye alikuwa anamusuka mutoto nywele. Tuligombana sababu ya udongo. Majirani walichimba kobalti ndani ya nyumba zao, hata chini ya kitanda, na yeye alitaka na sisi tuchimbe. Nilikataa: siku moja mutoto angetumbukia mule. Pengine tungekuwa matajiri. Pengine tungekuwa maiti.

Kwa hiyo mbele ya hakimu neno langu lilikuwa moja: kwangu hakuna shimo. Na ilikuwa kweli.

Hakimu akapita kila chumba, akagonga sakafu ya sima kwa kisigino.

"Mama, nyumba yako ni safi."

"Aksanti, tata juge."

Baba ya mutoto alikuwa amesimama mulangoni. "Tata juge, naomba wote tunyamaze kidogo."

Dada yangu, aliyekuja kunisindikiza, akacheka. "Leo umekuwa pasta? Tufunge na macho?"

Tukanyamaza. Chini ya sima, pale penye godoro la mutoto, kukatoka mlio: tok, tok, tok. Halafu mwanaume akakohoa, chini kule. Wachimbaji wa jirani walikuwa wamefuata mawe yao mpaka kwetu. Je, nilikuwa nimewasikia mbele ya siku ile? Kasulo yote inagonga, mutu anazoea. Bado najiuliza.

"Mama," hakimu akasema polepole, "mutoto analala wapi?"

Nikaonyesha godoro.

Baba yake akasema nyumba nibaki nayo, yeye anaomba mutoto tu. Hakimu akakata kesi hivyo. Sasa binti yetu anaishi mtaa wa Dilala kwa nyanya yake, mama ya baba yake, katika nyumba ya zamani ya kampuni ya madini, na kwangu anakuja mchana tu. Hakimu alisema nikipata pahali pengine pa kulala, nirudi tuongee tena. Ilikuwa haki, mi mwenyewe ningekata vilevile. Ndiyo maana inaniuma: sina mutu wa kukasirikia.

Kuhama bila kuuza siwezi. Na wanaokuja kununua, hakuna anayetaka kulala humu, wanataka kuchimba.

Jana mmoja alikuja. Hakuangalia bati wala madirisha. Alisogeza godoro kwa mguu, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye sima. Akatabasamu.

"Na hii godoro, mama?"

"Ya mutoto," nikasema. "Nitaitoa."