Mama Zima na Mita Yake

"Bibi, mbona hata salamu hujatoa, ushakimbilia mita?"

Mjukuu aliyeuliza alikuwa na miaka saba na mdomo usio na breki. Bibi hakumjibu. Alisimama nyuma ya mlango, kapu bado mkononi, shingo ameinyoosha kuelekea kile kisanduku cha ukutani ambacho yuniti zake zilipungua mchana na usiku, kama gunia la mchele lililotobolewa na panya. Akaguna. Ndipo akaenda kumshika mumewe mkono.

Bibi huyu alikuwa dobi katika nyumba ya wageni. Majirani walimwita Mama Zima, maana neno hilo lilimtangulia kila chumba alichoingia: zima taa, zima redio, zima jiko, maharage yatamalizia kuiva kwa joto lake yenyewe. Maji ya kusuuzia nguo yalidekia sakafu, kisha yakaenda chooni. Pasi aliianzia kwenye mashuka mazito, akaichomoa kabla kazi haijaisha, na joto lililobaki likanyoosha foronya na leso.

"Huyu ukimpa jua," alisema mpangaji wa chumba cha pili, "atalikunja aliweke kabatini."

"Na wewe nikikukopesha utalirudisha limefubaa," alijibu Mama Zima, na uani wakacheka.

Lakini hakuwa bahili. Babu alikuwa amechomea vyuma ujana wake wote bila kujifunika pua, na sasa mapafu yalikuwa yanamdai. Hospitali ilimrudisha nyumbani na mashine ya hewa, yenye mrija mwembamba wa kuingia puani, na daktari akasema asiuvue hata wakati wa kula. Mashine ilinguruma kando ya kitanda kutwa kucha, ikila umeme kuliko vyote vya nyumba ile vikijumlishwa. Yuniti zikiisha, inanyamaza. Ndiyo maana kila taa iliyozimwa, kwa Mama Zima, ilikuwa pumzi ya mumewe iliyowekwa akiba.

"Haba na haba hujaza kibaba," alimwambia.

"Kibaba chenyewe kinavuja, mama," Babu alijibu, akijigonga kifuani.

Msimu wa mvua ulipoingia, mita ikaanza kumfurahisha. Alitoka asubuhi, mjukuu akaenda shule, Babu akabaki na mashine yake. Jioni anarudi, anatazama, yuniti zimepungua kidogo tu. Siku ya kwanza alidhani macho yamemdanganya. Baadaye alijipongeza. Alijua ni lile jiko, ni yale maharage. Aliwafundisha hata wanawake wa uani namna ya kuiwahi pasi kabla haijala sana, na safari hii waliacha kumtania, wakamsikiliza.

Babu naye alikuwa akikonda, vidole vimekuwa baridi. Alisema ni mvua.

Kisha siku moja maji yakakatika kwenye nyumba ya wageni, madobi wakaambiwa warudi makwao. Mama Zima alifika uani kabla ya adhuhuri. Alipokaribia mlango hakusikia ule mngurumo. Akawaza umeme umekatika, lakini redio ya jirani ilikuwa inaimba.

Ndani, Babu alikuwa ameketi sakafuni karibu na soketi. Mrija umening'inia shingoni, midomo ya kijivu, kidole bado kwenye swichi. Alimtazama kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Naipumzisha kidogo," alisema. Maneno yalitoka moja moja.

"Mashine haichoki, mzee."

"Wewe unachoka."

Mama Zima hakupaza sauti. Aliiwasha, akamvisha mrija, akakaa naye pale pale sakafuni mpaka rangi ikamrudi. "Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mvua zianze. Ukitoka nazima. Nikisikia watoto wa shule njiani, nawasha." Akajaribu kutabasamu. "Si umeniona mwanafunzi mzuri?"

Kesho yake aliacha kazi ya nyumba ya wageni. Alichukua nguo za watu akazifulia uani, akazinyoosha kwa pasi ya mkaa, sikio likiwa dirishani. Taa zote za nyumba alizifungua balbu, ikabaki mashine peke yake. Haikutosha. Mapafu yaliyokwisha kunyimwa hayakusahau, na kabla mvua hazijakatika Babu alikwenda, mashine ikinguruma hadi mwisho, mrija ukiwa puani.

Baada ya mazishi hospitali ikaja kuchukua mashine yake. Yuniti alizokuwa amenunua zikakaa tu, hazina wa kuzitumia. Mama Zima alikata kipande cha shuka kuukuu, akakitundika mbele ya mita, kikaifunika yote.

Sasa mjukuu yuko sekondari. Jioni moja alikuwa anasoma, giza likaingia, naye kwa mazoea akasogeza daftari dirishani. Bibi akapita, akawasha taa ya kwanza, kisha ya pili ambayo hakuna aliyeihitaji.

"Bibi, zitaisha yuniti," mjukuu alisema. "Na wewe siku hizi hata hutazami. Zamani ulikuwa unaanza na mita kabla yetu sote. Nilikuuliza, hukunijibu."

Mama Zima alikinyoosha kile kitambaa kwa kiganja, taratibu, kama anayepiga pasi.

"Nilikuwa nakwenda kuulizia hali ya babu yako," alisema. "Ikanijibu kila siku. Mimi nikadhani inanisifu."