Mkono wa Kushoto wa Tasneem

Tasneem wa Mambrui huchora hina kwa mkono wa kushoto, na amesemwa weee! Aliyezidi ni shangazi yangu, Bi Shekha. "Bi harusi apambwe kwa mkono wa chooni? Nuksi hiyo!"

Tasneem kila siku alijichora mkono wake wa kulia, hata ukawa haukosi hina.

Basi juzi, harusi ya dada yangu Afiya, mpambaji wetu wa Malindi akaugua. Mimi nikatoka mbio nikamleta Tasneem. Lo! Maua yalitambaa kutoka vidoleni hadi kiwikoni, membamba kama uzi, yote kwa ule mkono wa kushoto. Wanawake waliacha nyimbo wakaja kutazama. Vigelegele vikarindima nyumba nzima! Afiya akainua mikono yake juu, akicheka na kulia.

Bi Shekha alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Tasneem alipoanza kukusanya vitu vyake, shangazi akaja akaketi mkekani mbele yake, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Nianze na upi, Bi Shekha?"

"Wa kushoto, mwanangu."