Ngamia Hawatazami Upepo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayewashikilia ndege wa angani bila kamba wala nguzo, na aliyenishikilia mimi pia, mzee mzito mwenye miwani, siku ambayo sikustahili kushikiliwa. Namshukuru kwa pumzi, kwa macho na kwa breki. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Nilifundisha somo la dini katika shule za msingi huku Isiolo mpaka nikastaafu. Nilipomwambia mke wangu kwamba nataka kujifunza kurusha ndege ndogo, alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Wenzako wakistaafu wananunua mbuzi," alisema.

"Mbuzi tunao."

"Basi ongeza."

Lakini alijua nilichokuwa nacho moyoni. Mtoto wetu wa tatu alipokuwa anazaliwa, tuliishi mbali na mji, mafuriko yakakata barabara, na mke wangu akakaa siku mbili na uchungu. Ndege ya viti vinne ilitua kwenye vumbi nyuma ya shule. Rubani akashuka, akanisaidia kumbeba, akaondoka naye. Walirudi wawili, wazima. Yule rubani sikumwona tena, hata sura yake sikuishika. Tangu siku hiyo ndege ndogo ikipita juu ya mji, mimi husimama nilipo mpaka ipotee. Nilitaka, kabla nguvu hazijaniishia, niweze kubeba mgonjwa kwa namna ile. Mmoja tu angenitosha.

Mwalimu wangu alikuwa binti wa Kimeru, mdogo kuliko kitindamimba wangu. Yeye aliniita mwalimu, nami nikamwita mwalimu, na fundi wa ndege akawa anatucheka kila asubuhi: "Sasa hapo mwanafunzi ni nani?"

Mwanafunzi nilikuwa mimi, na mgumu kidogo. Miguu yangu ilizoea kukaa kimya chini ya meza ya darasa, na ndege inaongozwa kwa miguu pia. Tulipokuwa bado chini, tukiiendesha ndege kuelekea njia ya kurukia, nilipinda kama ndama aliyeshiba. Na redio ilinipa shida ya aina yake. Mnara wa kuongozea ndege ukiniuliza, nilijibu vizuri kwa Kiingereza changu cha shule, kisha mwishoni nikaongeza inshallah.

"Mwalimu," binti aliniambia, "wale wanataka kujua kama unatua au hutui."

"Natua, Mungu akipenda."

"Najua. Lakini wao wana ndege nyingine nyuma yako."

Tukakubaliana niseme kwa moyo, kimya, kabla sijabonyeza kitufe. Nafanya hivyo mpaka leo.

Alikuwa mpole katika mambo mengi, ila amri moja hakuibembeleza. Ndege hutua ikiukabili upepo, ili upepo uizuie. Ukitua upepo ukiwa mgongoni mwako unakusukuma, na uwanja unaisha kabla hujasimama. Ndiyo maana kila uwanja una nguzo yenye mfuko mrefu wa kitambaa, tunauita soksi, ambao ukijaa hewa unakuonyesha upepo unakotoka. "Kama huoni upepo unatoka wapi, usitue," alituambia, mimi na vijana wanne niliojifunza nao. "Rudi nyumbani. Atakayevunja hiyo simpeleki kwa mtihani, hata awe nani." Alipomaliza alinitazama mimi kidogo. Labda kwa sababu ya mvi.

Siku ikafika ya kunituma peke yangu kwenye uwanja mdogo wa udongo upande wa Kipsing. Tulikuwa tumekwenda pamoja mara mbili. Sasa nilitakiwa niende, nitue, nigeuze, nirudi. Nikifanya vizuri, mtihani ungefuata.

Niliruka kama saa nne asubuhi. Kiti chake kikiwa kitupu, ndege ilikuwa nyepesi kama imefurahi. Kulia kwangu lami ilinyooka kwenda Ngaremara, nyuma yakabaki mashamba ya Burat na kijani chake kidogo, na mbele yangu ikawa nchi kavu, yenye mito ya mchanga mtupu. Nilisoma dua ya msafiri mara mbili. Nakiri kwamba nilijiona mtu.

Nilipofika juu ya uwanja, nguzo ilikuwepo. Soksi haikuwepo.

Nilizunguka mara moja. Hapakuwa na moshi wala vumbi, na miti ya miiba haisemi kitu ukiwa juu. Amri ilikuwa wazi: rudi nyumbani. Ndipo nikaona ngamia, kama ishirini hivi, wamelala kando ya uwanja, wote wakitazama mashariki kama wanafunzi mstarini.

Nikafurahi. Mimi ni mwana wa mfugaji. Ng'ombe wa baba yangu pale Burat, upepo ukivuma, waliupa mgongo. Kama hawa wanatazama mashariki, migongo iko magharibi, basi upepo unatoka magharibi. Na mimi nilikuwa natoka mashariki, kwa hiyo njia ilikuwa imenyooka mbele yangu, wala sikuhitaji kuzunguka tena. Hesabu ikaniridhisha sana. Nikashuka.

Ardhi ilikuja mbio kuliko kawaida. Nilivuta usukani, ndege ikakataa kukaa, ikaelea, ikaelea, na uwanja ukawa unapita chini yangu bila kunipa nafasi. Magurudumu yalipogusa, nusu ya uwanja ilikuwa imekwenda. Nilikanyaga breki kwa miguu ile ile ya darasani. Nilimwita Mungu kwa sauti, bila redio. Ndege iliburuta, ikatetemeka, ikasimama. Mbele yake kulikuwa na kichaka cha miiba, na nyuma ya kichaka korongo. Nilizima injini, nikashuka, nikahesabu hatua. Kumi na mbili.

Mwenye ngamia alikuja na fimbo yake, polepole. Alikuwa mama wa Kisamburu wa rika langu, shanga shingoni.

"Salaam aleikum, mama."

"Habari yako, mzee. Breki imekataa?"

"Breki ni nzima."

"Basi ni wewe umekataa." Alitazama kichaka, akatazama ndege. "Ndege zote zinakujanga zikitoka kule chini. Wewe tu ndio umekuja na upepo imekusukuma kama karatasi."

Nikamweleza, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumweleza, kwamba niliwasoma ngamia wake. Aliketi chini kabisa ili acheke vizuri.

"Wewe ulichunga nini?"

"Ng'ombe. Nikiwa mdogo."

"Ng'ombe!" Alisema kama nimesema kuku. "Ngamia inalala ikiangalia jua, mzee. Ndio jua isichome yeye ubavu. Upepo haina maneno na yeye. Kuja jioni, utapata amegeuka."

Akaokota vumbi, akaliachia kutoka juu. Likaruka kutoka mashariki moja kwa moja hadi kwenye miwani yangu.

"Na soksi ilienda wapi?"

"Upepo ilikula."

Nilimwomba anichungie ndege ngamia wasiisogelee, nikaswali rakaa mbili za shukrani pale pale kwenye udongo. Kisha akanisaidia kuisukuma mkia mpaka ikageuka. Niliruka kuelekea mashariki, upepo usoni, kama ilivyopasa tangu mwanzo, na ndege ikapanda bila taabu.

Isiolo nilitua vizuri, labda vizuri kuliko siku zote. Mwalimu alikuwa mlangoni mwa banda la ndege na kikombe cha chai.

"Upepo kule ulikuwa wapi?"

"Mashariki."

"Mkali?"

"Wa wastani."

Akaandika kwenye kitabu changu cha safari, akatia sahihi. "Mwezi ujao mtihani, mwalimu." Nikasema alhamdulillah. Kila neno nililomjibu lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Nilikwenda msikitini kwa adhuhuri. Nilisimama kwenye safu, na badala ya maneno ya sala nikawa namwona yule mgonjwa mmoja niliyekuwa nikimwomba Mungu kwa miaka yote ile. Amelala nyuma yangu kwenye ndege, amefumba macho, ananiamini. Na mimi mbele natafuta ngamia. Imamu alipotoa salamu, sikukumbuka nilichosoma. Nikasali upya peke yangu, nikachukua bodaboda kurudi uwanjani.

Mwalimu alikuwa anafunga dirisha la ofisi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama watoto walivyosimama mbele yangu zamani. Nilipofika kwenye ngamia hakucheka.

"Zilibaki hatua ngapi?"

"Kumi na mbili."

Alitoka akaenda kwenye ndege. Nilimwona akichuchumaa, akipapasa tairi moja, kisha lingine, akichungulia chini ya bawa. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungekufa, mwalimu."

"Najua."

"Mimi ningemwambia nini mama wa nyumbani kwako?"

Nikamwambia kwamba amri yake naijua, na akinitoa ni haki yake, sitamnung'unikia.

"Ningeambiwa na mtu mwingine," alisema, "ungekuwa umeshatoka pale getini." Akafungua kitabu changu, akakata ile sahihi yake kwa mstari mmoja. "Hurushi peke yako mpaka niseme mimi. Tunaanza upya mambo ya upepo. Na kesho utawaeleza wenzako, wewe mwenyewe, mbele."

Wallahi, sijawahi kufurahia adhabu kama hiyo. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikihisi mabega yangu yameshuka mahali pake. Nilimweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea chakula. Kisha akasema tu, "Ngamia," akatikisa kichwa. Alasiri ile nililala usingizi wa mtoto.

Kesho yake nikasimama mbele ya vijana wanne. Nilipofika kwenye ng'ombe wa baba, mmoja akainua mkono: "Mzee, na kuku wanatazama wapi?" Darasa likavunjika kwa kicheko, na mwalimu, ambaye alikuwa hajatabasamu tangu jana, akageukia ubao.

Tulianza upya. Wiki nyingi zilipita, akiwa kando yangu kila safari, na sikuona aibu. Mtu aliyefundisha watoto kusoma anajua kwamba kurudia si kushindwa.

Alasiri moja akapakia soksi mpya nyuma ya ndege, ya rangi ya chungwa, tukaenda nayo Kipsing. Juu ya uwanja aliniuliza, "Upepo?"

"Sijui," nilisema. "Tusitue."

Akanionyesha kwa kidole nizunguke tena. Chini, yule mama alikuwa ametuona. Akatembea mpaka katikati ya uwanja, akainama, akarusha vumbi juu, mara moja, mara mbili, na tena. Wingu dogo jekundu lilikwenda magharibi kila mara, na hata mimi niliona.

"Sasa najua," nikasema. "Mashariki."

"Basi tua."

Nilitua, mikono yake ikiwa mapajani mwake. Tukafunga soksi juu ya nguzo, ikajaa pale pale. Ngamia walikuwa wamelala mahali pao, safari hii wakitazama magharibi, jua lilikokuwa.

"Si nilikwambia," mama alisema, "atageuka."

Mwalimu alifungua kitabu changu juu ya bawa, akatia sahihi mpya chini ya ile iliyokatwa. Mtihani niliufanya baadaye, nikapita kwa uwezo wa Mungu. Mgonjwa wangu mmoja bado sijambeba. Simwombei mtu augue, na sina haraka. Nikiitwa nitakwenda, na nisipouona upepo nitarudi.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akupe mtu wa kukurushia vumbi siku usiyojua njia, akupe ulimi wa kusema kosa lako kabla jua halijatua, na akufikishe nyumbani ukiwa umebakiza hatua kumi na mbili na zaidi. Amina.