Boya Juu ya Nyumba Yangu

Ukipita ufukoni kwetu hapa Kalemie asubuhi, utaniona nimesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mwanzi mkononi. Watu wanafikiri navua ziwani. Navua ndani ya nyumba yangu. Ziwa lilipanda likaimeza, na samaki hawa ngege wanapenda kuta zake kuliko nilivyozipenda mimi.

Kwa uwanja, maji si mengi, boya langu ni mwiba wa nungu. Ni mwembamba, samaki akigusa tu chambo unainama. Risasi yake naitoa kwa betri bovu la gari: nakata vipande kama punje za mchele, nabana kimoja kwenye uzi, naongeza kingine, mpaka ibaki juu ncha nyeupe tu, kama ukucha. Ikizidi, mwiba unazama na hujui kitu tena. Ikipungua, samaki anasikia boya linamvuta, anatema chambo cha bukari, ugali wetu, anaenda zake. Mwiba ukilala ubavu, basi risasi imefika chini. Hivyo njo nilipima nyumba yote: kizingiti, jikoni, pale kilipokuwa kitanda.

Aliyeniuzia kiwanja ni shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu. Aliyeniweka majini si mvua, si Mungu, ni yeye. Tulipochimba msingi tulikuta makombe ya konokono wa ziwa, tabaka zima. Mimi mvuvi tangu utoto, nikayashika kwa mkono huu. Shefu akasema, "Aa, Papa, wamama wa zamani walikuwa wanatupa uchafu hapa." Fundi wa kujenga, ambaye alitaka kazi, akaitikia. Mke wangu peke yake alisema, "Makombe hayana miguu. Maji njo yaliyaleta, na maji yanajua njia ya kwao." Nikamwambia anyamaze mbele ya wakubwa.

Maji yalianzia chooni. Kikafurika mpaka kisimani. Kipindupindu kikamchukua mke wangu kwa siku mbili. Tukabaki mimi na mabinti wawili, kwa kibanda cha turubai kule pakavu.

Tangu hapo nimevua kila pembe ya nyumba, ila shimo la choo hapana. Nalijua lilipo. Samaki wakubwa wanajificha mle, mapovu yao nayaona. Nilisema watoto wangu hawatakula kitu kilichotoka kwenye shimo lililomuua mama yao.

Juzi upepo wa kusini ukachafua maji siku tatu. Mwiba haukutikisika hata mara moja. Kibandani bukari na chumvi, kesho yake bukari na chumvi. Siku ya tatu binti mdogo hakulalamika tena, akalala tu mchana. Hapo njo niliogopa.

Shefu akaja akasimama pakavu na viatu vyake.

"Papa, bado tu unaoga kwa ile parsele niliyokuuzia?"

"Niko kwangu, Shefu. Karibu ndani."

Wamama wauza ndagala wakacheka. Yeye pia akacheka. "Tupa ndoano kule nyuma, kwa choo. Kule ziko samaki zenye mafuta."

Choo changu alikumbuka kilipo. Kwa msiba wa mke wangu hakukumbuka njia.

Alipoondoka nikafungua mwiba. Kwa shimo, na mawimbi yale, mwiba haufai. Nikafunga kipande cha kandambili, kinene kama kidole gumba, kinachoweza kubeba uzito. Nikabana risasi sita, nikashusha ndoano mikono miwili zaidi. Halikutetemeka lile boya. Lilienda chini mara moja, kama mtu amelivuta.

Ngege mpana kama sahani.

"Papa, umemutoa wapi huyu?" mdogo akauliza.

"Kwa mawe."

Walikula mpaka wakanyonya miiba. Mimi nilikula bukari na chumvi.

Nimemtaja shefu, nimemtaja fundi. Aliyemnyamazisha mama yao ni mimi. Asubuhi yake upepo ulikuwa ungalipo, na sikubadilisha boya: nikalitupa tena kwa shimo.