Siku Nyuki wa Shangazi Walipotambuliwa Kisheria

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kutufuata hadi uani, tulizoea kuambiwa kwamba kila kitu sasa kina bei. Kwa hiyo hatukushangaa sana ilipofika barua kwamba kilima cha msitu kilicho juu ya kijiji chetu, upande wa Ukata, kimepata mwekezaji. Kilichotushangaza ni maelezo yake: "ardhi tupu isiyo na mwenyewe." Humo ndimo ilimo chemchemi tunayokunywa, makaburi ya babu zetu, na mizinga ya nyuki aliyoachiwa shangazi yangu na marehemu mumewe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na pia katibu wa kamati ya msitu. Kamati yetu ilikuwa hodari wa barua. Tuliandika ya kwanza, tukajibiwa kwamba imepokelewa. Tukaandika ya pili kuulizia ya kwanza, tukaalikwa semina Mbinga mjini, siku mbili, juu ya ushirikishwaji wa wananchi. Tulishirikishwa soda na biskuti. Nilipouliza habari za kilima, mwezeshaji alilisifu swali langu, akaliandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani penye maswali mengine mazuri. Nadhani liko huko hadi leo.

Hatimaye bwana ardhi wa wilaya alikuja mwenyewe na mwekezaji wake, kukagua utupu wa eneo. Shangazi aliwapokea njiani.

"Shikamoo, mama," alisema bwana ardhi.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mmekuja kukagua utupu. Wa nani?"

Mwekezaji alicheka. Bwana ardhi hakucheka, alifungua ramani. Tukapanda kilimani. Pale chemchemini aliinama akanywa maji, akajifuta mdomo, akatazama tena ramani na kusema, "Kama mnavyoona, hapa hakuna kitu."

Mbele kidogo akachagua mti mkubwa wa kupigilia kibati cha namba.

"Mwanangu, mti huo usiugonge," shangazi alimwambia.

"Mama, hii ni kazi ya kitaalamu."

Akapiga nyundo mara tatu. Mara ya nne hakufika. Nyuki walishuka kutoka kwenye mzinga uliokuwa juu yake, nasi tukateremka kilima kila mtu kwa utaalamu wake. Mwekezaji alitumbukia katika shimo la ngolo, yale tunayochimba mteremkoni kuzuia maji yasibebe udongo, kwenye shamba la mahindi, akabaki humo kajifunika ramani. Mimi katibu nilikuwa wa kwanza kufika shuleni, jambo ambalo halikuingia kwenye muhtasari.

Bwana ardhi alifika macho yamevimba hadi kufumba. Shangazi alifika nyuma yake, polepole, hana hata alama moja.

"Nyuki hawa ni wa nani?" aliunguruma bwana ardhi.

"Wangu," shangazi akajibu.

"Tangu lini unafuga humo?"

"Marehemu alitundika mizinga kabla hajanioa. Baba yake naye alitundika kabla yake."

"Nitakushtaki! Mwalimu, lete karatasi, andika!"

Nikaleta karatasi mbili, na kaboni katikati. Akanitamkia huku akijishikilia shavu, nami sikuongeza neno: kwamba ameshambuliwa na nyuki, mali halali ya mama huyu, katika msitu ambao ukoo wake umeutumia kwa vizazi vingi. Nikamwongoza mkono akatia sahihi. Mhuri aliugonga mwenyewe, kwa kupapasa, kwenye nakala zote mbili.

Barua yetu ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote. Tuliambatanisha nakala yetu, basi. Majuma machache baadaye tukajibiwa kwamba suala la kilima limesitishwa hadi itakapoelekezwa vinginevyo. Shangazi hakushtakiwa. Mwekezaji, tulisikia, alikwenda kutafuta utupu mwingine huko ziwani.

Tukafanya sherehe. Mwenyekiti wa kamati alihutubia kuhusu msitu tulioulinda kwa jasho letu. Shangazi alikuwa amekaa mbele, kwenye benchi jipya, anapapasa ubao.

"Mninga mzuri huu," shangazi alisema, mwenyekiti alipomaliza hotuba. "Umetoka wapi?"

Mwenyekiti alikuwa ameukata mwenyewe, kilimani. Nami nilikuwa najua, maana mlango wa nyumba yangu ulitoka kwenye mti uleule. Nilisimama nikakiri kuhusu mlango wangu tu.

Wanakijiji walinipa adhabu ya kupanda miche chemchemini na kuimwagilia kiangazi kizima. Wanafunzi wangu walipita wakiniona na ndoo kichwani, wakanisalimu kwa heshima iliyozidi kiasi. Niliona aibu sana. Juma la pili mwenyekiti alikuja na jembe lake, hakuitwa na mtu. Alianza kuchimba mashimo, mimi nikafuata na miche.